Njia ya Moshi: Mabomba ya Hewa ya Bati Yanavyotengenezwa na Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika nyumba za zamani za mwambao, kuanzia Kunduchi hadi Saadani, jiko lilikaa uani. Moshi ulipanda, ukapenya kwenye makuti na katika nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa, ukaenda zake. Leo majiko mengi ya shule, migahawa, mama lishe na waoka mikate yamejengwa ndani ya kuta za matofali, chini ya paa la bati, na mara nyingine chini ya dari ya jipsamu. Jengo limekuwa imara zaidi, lakini moshi umepoteza njia yake.

Dawa inayotafutwa na wengi ni bomba la bati. Fundi huitwa, hupima kwa macho, na baada ya siku chache bomba huonekana limetokeza juu ya paa. Kisha baadhi ya wenye majiko hugundua kuwa moshi bado unarudi usoni mwa mpishi. Fedha imetumika, bati limetobolewa, na kikohozi kipo palepale.

Mara nyingi kosa haliko katika bati peke yake. Bomba lilitengenezwa bila kupimwa kwa ajili ya jiko lililokusudiwa. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua, ili mwananchi wa kata yoyote, awe Dunda, Magomeni, Zinga au Mapinga, aweze kuzungumza na fundi akiwa na uelewa, na aweze kuikagua kazi kabla ya kuilipia.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na moto kwa saa nyingi. Pamoja na moshi unaoonekana ipo gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumwangusha mtu katika chumba kilichofungwa kabla hajatambua hatari.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Bomba la moshi si mbadala wa mkakati huo. Hata hivyo, jiko la gesi nalo hutoa joto, mvuke na hewa iliyotumika, na kikaango huendelea kutoa mvuke wa mafuta hata kama moto wake hauna moshi. Kwa hiyo njia ya hewa inahitajika kabla ya kuhamia nishati safi na baada yake. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi pana hewa ya kutosha, na jiko la mgahawa au shule ni mahali pa kazi kama karakana.

Vipimo huanzia jikoni

Mfumo wa kutoa hewa jikoni una sehemu nne: kofia inayokaa juu ya jiko na kukusanya moshi, bomba linalousafirisha, feni ya kunyonya, pale ambapo nguvu ya joto peke yake haitoshi, na tundu la kuingizia hewa safi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Hewa haiwezi kutoka ndani ya chumba kama hakuna nyingine inayoingia kushika nafasi yake. Jiko lenye feni kubwa na madirisha yaliyofungwa hunyonya kwa shida, na huweza kuvuta moshi wa jiko la jirani uingie ndani.

Kofia inapaswa kuwa pana kuliko jiko lenyewe, ikizidi pande zote, kwa sababu moshi hutawanyika unapopanda. Kadiri kofia inavyowekwa juu ndivyo inavyohitaji kuwa pana zaidi.

Baada ya kofia hufuata kipenyo cha bomba, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Bomba la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 30 lina tundu la eneo la sentimita za mraba 707. Bomba la sentimita 20 lina sentimita za mraba 314 tu. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini tundu la kwanza ni zaidi ya mara mbili ya la pili. Hewa ileile ikilazimishwa kupita katika bomba la sentimita 20 badala ya 30, ukinzani wake huongezeka kwa zaidi ya mara saba. Feni hupiga kelele, umeme hutumika, na moshi hubaki chini ya kofia. Mwenye jiko aliyepunguza kipenyo ili kuokoa bati huendelea kulipia uamuzi huo kila mwezi.

Umbo nalo lina maana. Bomba la mraba lenye upande wa sentimita 25 lina eneo la sentimita za mraba 625, na mzunguko wake ni mita moja. Bomba bapa la sentimita 50 kwa 12.5 lina eneo hilohilo, lakini mzunguko wake ni mita 1.25. Hutumia bati zaidi, na hewa hukwaruzana na kuta zake zaidi. Bomba la mviringo lenye eneo hilo lina mzunguko wa takriban sentimita 89 tu. Ndiyo sababu mviringo hupendelewa pale penye nafasi, na bapa huachwa kwa sehemu ambazo dari imebana.

Bati la kuchagua

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na wengi huchanganywa na hesabu yake: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30, inayotumika sana kuezekea, ina unene wa takriban milimita 0.3. Geji 24 ina takriban milimita 0.6. Kwa mabomba ya kawaida ya kupitisha hewa, geji 24 au 26 hufaa. Bati la kuezekea likikunjwa kuwa bomba hubonyea kwa urahisi, hutetemeka feni inapowashwa, na huliwa na kutu mapema.

Bati lililopakwa zinki hufaa kwa hewa ya kawaida na mvuke. Halifai kukaa karibu na moto. Joto la zaidi ya nyuzi 200 likidumu, koti la zinki huanza kuharibika, na zinki yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi takriban 420. Kipande cha kwanza kinachotoka kwenye jiko la kuni kinapaswa kuwa cha chuma cheusi kinene au stenlesi.

Majiko ya kukaanga, yakiwemo ya chipsi na ya samaki, yana sharti la ziada. Mvuke wa mafuta hupoa ndani ya bomba na kuganda. Baada ya muda hujengeka utando ambao cheche moja huweza kuuwasha, na bomba zima likawa mwenge juu ya paa. Kwa sababu hiyo viwango vinavyofuatwa katika nchi nyingi hutaka bomba la jiko la kukaanga litengenezwe kwa chuma cheusi cha unene wa takriban milimita 1.4 au stenlesi ya milimita 1.1, na viungo vyake vichomelewe kabisa ili mafuta yasivuje.

Katika ukanda huu wa pwani liko pia suala la chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayoharakisha kutu, na bati huanza kuliwa pale lilipokatwa, kutobolewa au kukwaruzwa. Fundi makini hupaka rangi yenye zinki kwenye kingo zote zilizokatwa na kwenye kila tundu la riveti kabla bomba halijapanda juu.

Kutoka bati tambarare hadi bomba

Bati tambarare huuzwa kwa kawaida likiwa na urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani takriban sentimita 244 kwa 122. Fundi anayetaka bomba la kipenyo cha sentimita 30 huzidisha kipenyo kwa 3.14 na kupata mzunguko wa sentimita 94.2. Kisha huongeza nafasi ya pindo. Kwa pindo la upana wa milimita 6, nyongeza ni mara tatu ya upana huo, yaani milimita 18. Hivyo hukata bati la upana wa sentimita 96. Anayesahau nyongeza hiyo hupata bomba lisiloingiana na jingine.

Mistari huchorwa kwa msumari wa kuchorea, futi kamba na bikari, kisha bati hukatwa kwa mkasi wa bati. Kingo mbili hukunjwa, mmoja kwa juu na mwingine kwa chini, mithili ya vidole viwili vilivyopindwa ili vishikane. Ndipo bati huviringishwa kwa mashine au kwa kupigwa taratibu kwa nyundo ya mbao juu ya bomba nene la chuma. Nyundo ya chuma huacha mabonde na kupasua koti la zinki. Kingo zikishashikana hugongwa zikalala, na pindo hufungwa bila moto wala risasi ya kulehemu. Pindo lililofungwa vizuri hushika kwa miaka mingi.

Bomba la pembe nne hufuata utaratibu mwingine. Bati hupindwa kwenye mashine ya kukunjia, na pembe ya mwisho hufungwa kwa kuingiza ukingo wa upande mmoja ndani ya mfuko uliokunjwa kwenye upande wa pili, kisha mdomo wa mfuko hugongwa ukaufunika. Kuta pana huwa na tabia ya kubonyea na kutoa sauti kama ngoma feni inapowaka au kuzimika. Fundi huzuia hilo kwa kukunja bati kidogo sana kutoka pembe hadi pembe, ikatokea alama ya msalaba. Mwananchi akiona msalaba huo kwenye bomba asidhani ni pambo; ndio unaolipa bati ugumu.

Kiwiko, kipimo cha ufundi

Sehemu inayotofautisha fundi na fundi ni kiwiko, pale bomba linapogeuka. Njia ya haraka ni kukata mabomba mawili kwa mshazari na kuyaunganisha yakafanya kona kali. Hewa ikifika hapo hugonga ukuta na kurudiana. Njia bora ni kugeuka taratibu kwa vipande kadhaa.

Kiwiko cha nyuzi 90 chenye vipande vinne kina viungo vitatu, na kila kipande hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 15. Ili kupata umbo la kukata, fundi huchora bomba likitazamwa kwa ubavu, hugawa duara katika sehemu 12 zilizo sawa, kisha huhamishia urefu wa kila sehemu kwenye mstari ulionyooshwa wenye urefu wa mzunguko. Akiunganisha nukta hizo hupata mstari unaopanda na kushuka kama wimbi. Bati likikatwa kwa kufuata wimbi hilo na kuviringishwa, mshazari hutokea wenyewe, sawasawa. Mpindo wa katikati wa kiwiko unapaswa kuwa na nusu kipenyo cha takriban mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la sentimita 30, ni sentimita 45.

Hata kiwiko kizuri hupunguza mwendo wa hewa. Kanuni ya mwenye jiko ni fupi: njia iliyonyooka kwenda juu ndiyo bora, na kila kona inayoweza kuepukwa iepukwe.

Kupanda juu ya paa

Bomba la moshi linalosimama wima huunganishwa kwa namna inayoshangaza wengi: ncha ya chini ya kipande cha juu huingia ndani ya kipande cha chini yake. Lami ya moshi na unyevu vinavyoteremka hubaki ndani ya bomba. Kikipangwa kinyume, uchafu mweusi hutiririka nje na kuchafua dari na kuta. Kwa bomba linalolala, pindo la urefu huwekwa upande wa juu, kwa sababu umajimaji hukusanyika chini. Bomba linalolala hushikizwa kila baada ya mita mbili hadi tatu lisipinde kwa uzito wake.

Bomba lisiguse mbao za paa. Kwa bomba la jiko la kukaanga, nafasi ya sentimita 45 kutoka kitu chochote kinachoweza kuwaka ndicho kipimo kinachotumika sana. Penye paa la makuti tahadhari iwe kubwa zaidi, kwani cheche moja wakati wa kiangazi hutosha kuteketeza banda zima na mabanda ya jirani.

Mdomo wa bomba uvuke kilele cha paa. Baadhi ya wenye majiko hutoboa ukuta na kutoa bomba kwa ubavu ili kukwepa gharama ya kupanda juu. Katika mji wa Bagamoyo, ambako bahari iko mashariki, bomba lililotobolewa kwenye ukuta wa upande huo hupigwa na upepo karibu mwaka mzima: kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, na kusi hufika kutoka kusini na kusini-mashariki. Moshi hurudishwa ndani na pepo zote mbili. Kofia ya mvua nayo isikae karibu mno na mdomo. Nafasi ya nusu ya kipenyo huzuia mvua ya masika bila kuziba njia.

Mambo ya kukagua kabla ya malipo ya mwisho

Mwenye jiko hahitaji vyombo vya gharama. Mambo haya yanatosha:

1. Apime kipenyo cha bomba kwa futi kamba na kulinganisha na makubaliano yaliyoandikwa, kisha aulize geji ya bati.
2. Jioni, taa iwekwe ndani ya bomba kabla halijapandishwa. Mwanga ukionekana kwenye pindo au kwenye viungo, hewa nayo itapita hapo.
3. Jiko likiwashwa, kipande cha karatasi laini kishikwe kwenye ukingo wa kofia. Kikivutwa ndani, mfumo unanyonya. Kikisukumwa nje, moshi utafuata njia hiyohiyo.
4. Jaribio hilo lirudiwe milango ikiwa imefungwa. Karatasi ikilegea, tundu la hewa safi ni dogo.
5. Pawepo kilango cha kusafishia karibu na kila kona. Bomba lisilofunguka halisafishwi, na bomba la jiko la kukaanga lisilosafishwa ni moto unaosubiri siku yake.
6. Nyaya za feni zifungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Mafundi nao wana haki ya usalama wao. Kuchomelea bati lenye zinki hutoa mafusho meupe yanayoleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuchomelea, kazi ifanyike penye hewa, na glavu zivaliwe, kwani ukingo wa bati jipya hukata kama wembe.

Huduma zinazopatikana

Mwananchi anayejenga au kukarabati jiko la biashara anashauriwa kumwona Afisa Afya wa kata yake kabla ya kazi kuanza, ili ushauri utolewe wakati ukuta haujatobolewa. Ushauri wa kinga ya moto hutolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa dharura hupigiwa simu namba 114 bila malipo.

Mafundi bati waliojifunza kazi kwa kukaa karakanani bila kupitia chuo wanaweza kupimwa na VETA na kupata cheti kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, hutoa mafunzo na ushauri kwa karakana ndogo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyohitaji mashine ya kukunjia bati au mtaji wa vifaa vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mpishi wa shule husimama mbele ya moto tangu alfajiri hadi wanafunzi washibe, siku tano kwa wiki. Bomba lililopimwa vyema hugharimu bati kidogo zaidi na siku moja au mbili za ziada za fundi. Lililokosewa hulipwa na mapafu yake.